Nani Abandike Kibua?

Kiwango chetu sisi mafundi wa betri hapa Tanga ni karatasi mbili zilizochapwa pande zote, na anayetaka nakala anapewa bure. Kinasema betri ya taa ya kuvulia dagaa iwe ya volti 12. Betri ikae na soketi jike, taa ikae na plagi dume. Chanya iwe waya mwekundu na iingie kwenye pini yenye alama. Fyuzi iwe ndani ya boksi, kabla waya haujatoka nje. Na waya wenyewe usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 2.5. Kuna mengine ya seli, ya silikoni na ya maji ya chumvi, lakini hayo matano ndiyo tuliyogombania zaidi.

Waliogombana ni mafundi wa mitaa ya Ngamiani, Sahare na Deep Sea, watu ambao kwa kawaida tunanyang'anyana wateja. Kilichotukutanisha ni giza. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, na tangu karabai zilipoanza kuachwa watu wakahamia taa za LED, kila fundi alikuwa na staili yake ya kufunga: huyu chanya kulia, yule chanya kushoto, mwingine hata plagi hana, anasokota waya anazungushia tepe basi. Nahodha anaazima betri kwa mwenzake huko huko majini, anachomeka, taa inaungua, na mafuta ya usiku ule pamoja na jasho la watu vinakwenda bure. Asubuhi anakuja dukani kutafuta wa kumlaumu. Tukaona bora tukubaliane.

Karatasi zilipokamilika, mmoja wetu akasema tuweke na nembo, ili nahodha asiye na muda wa kusoma ajue betri ipi inakwenda na taa ipi. Akachorwa samaki, kibua mwenye mkia wa radi. Mchoro mzuri kweli, na nasema hivyo ingawa mimi nilitaka dagaa. Tukachapisha stika. Na hapo, kwa maoni yangu, tulitoka kwenye ufundi tukaingia kwenye jambo jingine kabisa, lenye sheria zake na ajali zake, ambalo wengi wetu hatukulisoma chuoni.

Jamaa wa Pangani akaomba stika, akapewa karatasi nzima. Wa Mkinga naye akaomba, akapewa. Ni watu wazuri, tunafahamiana, nani angewanyima? Baadaye duka moja la uchapaji likaanza kuziuza kwa yeyote mwenye hela. Ikafika siku nahodha mmoja ninayemhudumia miaka mingi akanitua boksi mezani, limeyeyuka pembeni.

"Fundi, samaki wenu kaniunguzia taa."

Nikalifungua. Fyuzi hakuna. Waya ni ule mwembamba wa kufungia spika za redio. Plagi ilikuwa sawa kabisa, chanya mahali pake, yaani aliyetengeneza aliisoma karatasi yetu mpaka pale ilipoanza kumtoa hela, akaifunga. Nikamwambia mzee, hii si kazi yetu.

"Kwani kibua huyu si wenu?"

Swali hilo tumelijadili vikao kadhaa, baada ya swala ya Ijumaa, na bado halijaisha. Wengi walitaka kwanza tumfuate mwenye duka la uchapaji. Sheria za kumfuata mtu kama huyo zipo: Tanzania Bara alama ya biashara huandikishwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chini ya sheria ya mwaka 1986, ulinzi wa kwanza ni miaka 7 na ukihuisha unapata 10 mingine, halafu kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo ndiyo inayowapa Tume ya Ushindani, FCC, nguvu ya kukamata bidhaa bandia. Sina ugomvi na hayo. Lakini nadhani tunamkimbiza mtu asiye. Mwenye duka anaiba nembo, na kila anayejua habari anajua kuwa anaiba. Anayenipa wasiwasi ni jamaa wa Pangani, rafiki yetu, tuliyempa stika kwa mkono wetu bila kumuuliza atazibandika kwenye nini.

Kesi inayonifanya niseme hivi haikutoka kwenye kampuni kubwa. Ilitoka kwa watu waliokuwa wanagawana makochi mabovu. Mwaka 2003, mjini Tucson, jimbo la Arizona huko Marekani, ilianzishwa jumuiya ya Freecycle. Kazi yake ilikuwa rahisi: una kitu hukihitaji, badala ya kukitupa unampa jirani, bure. Wazo likaenea, vikundi vikaota kila mji, na kila kikundi kikataka jina na nembo. Mwaka huo huo kikundi cha Sunnyvale, California, kikaomba nembo, na jibu kililopata kwa baruapepe lilikuwa la kirafiki mno: ichukueni, ila msiitumie kibiashara. Basi. Hapakuwa na mkataba, wala ukaguzi, wala mtu wa kupita kuangalia wanafanyaje.

Baadaye wakakosana. Freecycle ikataka kuwanyang'anya Sunnyvale jina, Sunnyvale wakaenda mahakamani, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya huko ikaamua kwamba Freecycle haina tena haki ya kudai. Hoja ya majaji ni ya kusikilizwa na kila kikundi kinachogawa nembo. Alama ya biashara, katika sheria yao, ipo kwa ajili ya mnunuzi: inamwahidi kwamba anachokipata leo chini ya alama hii kina ubora ule ule aliouzoea. Mwenye alama akiwaruhusu watu kuitumia bila kubaki na uwezo wa kudhibiti ubora, na bila kuudhibiti kwa vitendo, ahadi hiyo imekufa, na alama imekufa nayo. Wanasheria wa kule huiita leseni uchi. Freecycle ilijitetea kwamba vikundi vyote vilikuwa na kanuni ya pamoja, kwamba vitu viwe vya bure, halali na vinavyofaa kwa watu wa rika zote. Majaji wakajibu kwamba kanuni ambayo kila mmoja anaitafsiri anavyotaka, na haina wa kuisimamia, haitoshi kuitwa udhibiti.

Ile ni sheria ya Marekani, na wakili wa hapa Tanga ataniambia nisichanganye mambo. Sichanganyi. Mimi naangalia mantiki yake, na mantiki hiyo nahodha wangu anaijua bila kwenda shule ya sheria: kama kibua anaweza kukaa kwenye boksi lolote, basi kibua hana habari yoyote ya kumpa.

Hapa Tanga tena hatupaswi kujifanya wageni wa mambo haya. Mji huu umelelewa na katani. Mkonge wa kwanza uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche iliyofika hai ikiwa 62, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyowalisha babu zetu na kuwatesa pia. Mnunuzi wa singa alikuwa ng'ambo ya bahari, hajawahi kuliona shamba wala kumjua aliyekata. Alinunua daraja: 3L, UG na mengineyo. Herufi hizo kwenye robota zilikuwa na thamani kwa sababu kabla ya robota kufungwa kulikuwa na mtu wa kuchambua, akitazama urefu, rangi na usafi, mwenye ruhusa ya kusema hii siyo 3L hata kama bwana shamba amenuna. Ukimwondoa mtu huyo, herufi zinabaki wino juu ya gunia.

Jumuiya kubwa za viwango duniani zimelielewa hili kwa njia ya taabu. Chukua Wi-Fi. Kiwango chenyewe huandikwa na IEEE, taasisi ya wahandisi; toleo la kwanza, 802.11, lilitoka mwaka 1997. Kiwango kikawepo, vifaa vikawepo, na bado kifaa cha kampuni hii kilikuwa kinaweza kushindwa kuongea na cha kampuni ile, wote wakidai wamefuata kitabu. Mwaka 1999 kampuni kadhaa zikaunda chombo kingine, ambacho leo kinaitwa Wi-Fi Alliance, kazi yake siyo kuandika kiwango. Kazi yake ni kumiliki jina na nembo, kupima vifaa kama kweli vinaelewana, na kuwapa waliofaulu ruhusa ya kuweka nembo ya uthibitisho. Waandishi wa kitabu kando, walinzi wa mlango kando. Napenda mpangilio huo. Bluetooth wao, ambao jumuiya yao iliundwa mwaka 1998 na Ericsson, Intel, IBM, Nokia na Toshiba, waliviweka vyote kwenye nyumba moja: kuwa mwanachama wa ngazi ya kawaida ni bure, lakini bidhaa yako haibebi jina mpaka ipitie utaratibu wao wa kuithibitisha.

USB ndiyo inayonigusa zaidi kwa sababu nyaya zake nauza kila siku. Maelezo yake ya kiufundi yako wazi, yeyote anaweza kuyapakua na kutengeneza waya. Nembo ndizo zenye mwenyewe, chombo kiitwacho USB-IF, na kuzitumia kunataka kusaini mkataba na kupeleka bidhaa ikapimwe. Sasa aina ya USB-C ilipoingia sokoni, nyaya zilimiminika kabla watengenezaji wengi hawajausoma ukurasa unaohusu rezista, kile kijidude cha kubana umeme. Waya unaotoka kwenye tundu la zamani la USB kwenda USB-C unatakiwa uwe na rezista ya kiloohm 56, ili simu isidhani imepewa chaja yenye nguvu ikavuta umeme mwingi kupita uwezo wa chanzo. Wengi waliweka ya kiloohm 10. Mhandisi mmoja wa Google, Benson Leung, akaanza mwaka 2015 kununua nyaya hizo kwa hela yake, kuzipima moja moja na kuandika hadharani ipi imefaulu na ipi haifai. Mwanzoni mwa 2016 akachomeka waya mmoja ambao chanya na hasi vilikuwa vimepishana, ukamuulia kompyuta yake ya kazi pamoja na vipimo vyake. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kicheko cha mtu aliyeona nduguye: Mmarekani mwenye maabara kaunguzwa na kosa lile lile la mafundi wa Deep Sea. Machi ya mwaka huo duka la mtandaoni la Amazon likapiga marufuku nyaya za USB-C zisizofuata kiwango.

Ona basi ni nani aliyefanya kazi ya udhibiti pale. Kiwango kilikuwepo, nembo ilikuwepo, lakini waya usio na nembo uliuzwa vile vile kwa sababu wateja hawakuwa na mazoea ya kuitafuta. Akahitajika mtu mmoja mwenye subira na mita, halafu muuzaji mwenye rafu akakubali kuwafukuza wabaya. Kwetu muuzaji mwenye rafu ni sisi wenyewe, jambo ambalo ni zuri kwa upande mmoja na baya kwa upande mwingine, maana fundi anayempima fundi mwenzake anampima mshindani.

Kwenye kikao kimoja mzee wetu mmoja, fundi wa siku nyingi kuliko sote, akajitolea: nembo iandikishwe kwa jina lake, yeye mtu mzima, hana tamaa. Namheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo nilipinga. Nikawasimulia Linux, programu ya kuendeshea kompyuta. Linus Torvalds aliitoa hiyo programu mwaka 1991, bure, watu wa nchi nyingi wakaijenga pamoja, na hakuna aliyefikiria jina. Mmarekani mmoja ambaye hakuwa na mkono katika kazi ile akaliandikisha kwao, akathibitishiwa mwaka 1995, na mwaka uliofuata akaanza kuwaandikia wafanyabiashara akidai asilimia 10. Kesi ikamalizwa mwaka 1997 kwa jina kurudishwa kwa Torvalds. Mzee wetu hana roho hiyo hata chembe. Ila ana warithi, na warithi hawakai kwenye vikao vyetu. Nembo ikae kwa kikundi chenye katiba na usajili, siyo kwa mtu. Hilo lilipita, ingawa mzee aliondoka kabla ya chai.

Kisha tukaangukia upande wa pili. Kijana mmoja mwenye hasira ya haki akaandika rasimu ya masharti ambayo, ukiifuata, huwezi kubadilisha hata rangi ya boksi bila kibali cha kamati. Nao huo ni ugonjwa. Mwaka 2006 Mozilla, wenye Firefox, iliwaambia Debian, jumuiya inayokusanya na kugawa Linux bure, kwamba wakitaka kuiita programu ya kuvinjari Firefox, watumie na nembo yake rasmi na mabadiliko wanayoyafanya ndani yake yapitishwe kwanza. Debian hawakuweza: leseni ya nembo ile haikulingana na kanuni zao za uhuru, na kurekebisha programu bila kuomba ruhusa ndiyo kazi yao ya kila siku. Wakaibadili jina, wakaiita Iceweasel, na jina likabaki hivyo hadi 2016. Miaka 10 programu ile ile ilitembea na majina mawili. Mozilla walikuwa na haki yao na Debian walikuwa na sababu zao. Hasara ilikuwa ya mtumiaji aliyekuwa anatafuta Firefox haioni.

Fundi wa Mkinga akibanwa hivyo hatagomba. Atabandika samaki wake mwenyewe, na tutarudi kule kule kwa chanya kulia na chanya kushoto.

Kwa hiyo masharti ninayoyatetea ni machache, na mengi nimeyaiga kwa TBS, shirika la viwango la Tanzania lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na ambalo watu hulilalamikia kwa urasimu wakasahau kuangalia linavyofikiri. Leseni ya alama ya ubora ya TBS inahusu bidhaa fulani. Haimpi mtu cheo cha kubandika alama kwenye kila anachokitengeneza. Na haiishii siku ya kupewa, kwani wakaguzi hurudi. Nasi tufanye hivyo kwa udogo wetu. Anayetaka kibua asaini karatasi moja. Apewe ruhusa kwa aina ya betri aliyoleta, siyo kwa jina lake. Inapimwa na fundi wa mtaa mwingine: inafunguliwa, fyuzi inatazamwa, plagi inalazwa kwenye maji ya bahari, taa inawashwa mfululizo kwa urefu wa usiku wa kazi. Baadaye, bila taarifa, tunanunua moja dukani kwake kama wateja. Neno "kununua" nimelisisitiza mpaka nikachosha watu. Sampuli anayokuletea fundi mwenyewe ni kama bibi harusi, imepambwa.

Na masharti yawe na meno: betri ikishindwa, fundi aambiwe, apewe muda, asiporekebisha stika zirudishwe na jina lake libandikwe ubaoni pale wanapopakulia samaki. Rafiki wa Pangani pia. Nilipolisema hilo kikao kikanyamaza, maana huyo bwana ni shemeji wa mmoja wetu. Lakini kamati isiyoweza kumwambia hapana shemeji yake ikae tu nyumbani, stika ziuzwe na mwenye duka, bei yake ni nafuu.

Karatasi zile mbili ziendelee kuwa bure, na mtu yeyote aruhusiwe kusema kwa maneno kwamba betri yake inafuata kiwango chetu. Akidanganya, hayo ni yake na mteja wake. Tunachokilinda ni samaki peke yake.

Kilichobaki kutugawanya ni betri iliyofunguliwa. Katika kazi hii hakuna kitu kinachobaki kama kilivyotoka kwa fundi wa kwanza. Chumvi inakula, seli inakufa, nahodha anapeleka kwa aliye karibu. Betri ya kibua ikibadilishwa seli na fundi asiye na leseni, stika ibaki au ikwanguliwe? Mimi niko upande wa kukwangua. Aliyeipima hayupo tena ndani ya lile boksi. Wenzangu wa Sahare wanasema nikikwangua, nahodha aliye katikati ya maji atajuaje kwamba plagi bado inaingiliana? Hoja nzito, na ndiyo iliyonifanya nione kwamba tulimpa kibua kazi mbili, ya kusema inaingia na ya kusema imepimwa. Nimependekeza kuingia kuonyeshwe na rangi ya soketi, ya chungwa, ruhusa kwa kila mtu milele, na kibua abaki na kupimwa tu. Soketi za rangi hiyo ni ghali kidogo kuliko nyeusi, na hapo ndipo ubishi ulipohamia.

Kikao kinachofuata kitakuwa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu. Tumealika manahodha wawili, mmoja wao ni yule aliyeniletea boksi lililoyeyuka, na ameshaniambia kwamba yeye soketi ya chungwa atailipia, ila anataka kwanza kujua taa yake iliyoungua nani anailipa.